Saa ya kompyuta na saa ya Nyiragongo

Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, mama mmoja wa Buhene alipata muda wa kubeba mtoto, godoro na sufuria moja. Cherehani ilibaki, ikaungua. Leo akipita juu ya mawe yale meusi, anauliza: watu wa kompyuta wanashindwa nini kutuambia lava itafika mlangoni saa ngapi?

Swali lake ni la haki.

Iko programu inayopewa umbo la ardhi tu. Inaachilia lava juu ya mlima na kuifuata kwenye mteremko mkali zaidi, kisha inarudia maelfu ya mara, kila mara ikibadilisha urefu wa ardhi kidogo. Pale njia nyingi zinapopita ndipo penye hatari. Inafanya kazi upesi, na Nyiragongo ilikwisha kupimwa hivyo. Lakini ndani yake hamna saa. Inaonyesha wapi, haionyeshi lini.

Programu zingine zina saa. Zinakata ardhi vipande vidogo, zinakata na muda vilevile, halafu zinahesabu hatua kwa hatua joto na uzito wa lava. Hatua ikiwa ndefu mno, lava inaruka vipande na hesabu yote inaharibika. Ikiwa fupi, hesabu inakuwa nzuri, lakini kompyuta inakawia. Mwaka 1977 ziwa la lava lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Mashine gani ingewahi?

Kwa hiyo hesabu nzito inafanywa mapema, mlima ukiwa umetulia, na ramani inawekwa tayari. Hata hapo kuna shida: lazima ujue ufa utafunguka upande gani. Mwaka 2021 ishara za wazi zilikuja chini ya saa moja kabla. Ramani haimwamshi mtu usingizini. Hiyo ni kazi ya king'ora, redio na jirani.

Na familia zilizokimbia vita zikajenga vibanda Kanyaruchinya, chini ya mlima huohuo, ni nani aliwaonyesha ramani hiyo?

Mama wa Buhene ametundika mfuko kwenye msumari karibu na mlango. Ndani mna karatasi za watoto, tochi na nguo moja ya baridi.