Kutoka Sirari hadi Nyegezi: Nilivyoijua Elimu ya Mawasiliano

Katika Sirari ya utoto wangu, mji uliopakana na Isebania ya Kenya hata mtu akaweza kwenda sokoni nchi ya pili na kurejea kabla ya adhuhuri, habari zilitufikia kwa redio za Dar es Salaam na Nairobi. Nami, kama vijana wenzangu wengi, niliyahesabu mawasiliano kuwa ni ile sauti, na mwenye elimu yake kuwa ni mtangazaji mwenye ufasaha.

Kwa nia ya kuwa mtangazaji wa namna hiyo nilishika njia ya Musoma na Bunda hadi Nyegezi, Mwanza, penye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichopata hadhi hiyo mwaka 1998 juu ya msingi wa chuo cha mafunzo ya jamii alichokiasisi Askofu Joseph Blomjous mwaka 1960. Huko tulisoma utafiti wa Paul Lazarsfeld na wenzake katika uchaguzi wa Marekani wa mwaka 1940, uliobainisha kuwa maneno ya redio na magazeti aghalabu huwafikia kwanza wachache wanaosikilizwa na jirani zao, ndipo yakaenea kwa wengine. Tukasoma kadhalika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambamo Watanzania wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakashauriana, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Nikayakinisha kuwa nguvu ya redio ile ilikamilika katika mashauriano yaliyoifuata.

Tangu hapo ritongo, baraza la ukoo la Wakurya ambamo wazee hulipima jambo mbele ya kadamnasi, na soko ambamo wachuuzi hubadilishana habari za pande zote mbili za mpaka, vilinidhihirikia kuwa ndiyo mawasiliano yenyewe, yenye kanuni zake, wenye kauli wake, na wale, hasa wanawake na vijana, ambao neno lao halikupewa nafasi sawa.

Leo simu zi mikononi mwa watu, ilhali mtu apatapo habari ya kumshtua bado humwendea amwaminiye kumwuliza kama ni kweli. Basi nawasihi vijana wa mkoa wetu wa Mara mnaokwenda kuisoma taaluma hii: jifunzeni kamera na kipaza sauti, lakini kaeni pia barazani na sokoni, mkaandike nani husema na nani hunyamazishwa, kwani mtangazaji asiyeijua jamii yake hana la kuiambia.