Jani Gumu la Msambu

Mwaka jana kwenye kikao cha klabu ya mazingira, mimi ndiye niliyenyoosha mkono nikasema tupande miti inayokua haraka. Hoja yangu ilikuwa nyepesi tu: tukimaliza chuo tuache kivuli, siyo vijiti. Watu wakapiga makofi. Dada mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa ameotesha miche sita ya mpingo. Ilionekana imedumaa, tukaitupa ili vifuko vitumike tena. Hakusema kitu.

Halafu tukaenda fildi Amani, Usambara Mashariki. Bustani ile ya mimea waliianzisha Wajerumani mwaka 1902, wakaijaza miti ya kila kona ya dunia. Kundi letu likapewa kazi niliyoidharau: kupima majani. Unachukua jani lililokomaa, unalichora kwenye karatasi ya grafu, unahesabu miraba, unalikausha kwenye oveni saa 48, unalipima uzito. Eneo gawanya kwa uzito, basi. (Kuhesabu miraba ya jani moja kunachosha kuliko kusahihisha madaftari ya kidato cha kwanza.)

Kulikuwa na miche miwili jirani, ya umri mmoja. Msizi ulikuwa umenipita kimo. Msambu ulinifika gotini. Nikamuuliza mzee wa kitalu, "Shikamoo mzee, huu mbona umegoma kukua?"

"Marahaba. Haujagoma, mwanangu. Shika jani lake."

Nikashika. Gumu, nene, linang'aa kama limepakwa mafuta. La msizi lilikuwa jembamba, wadudu wameshalitoboa. Hesabu nazo zikasema hivyo hivyo: kwa kila gramu, jani la msizi lilitandaza eneo kubwa zaidi. Yaani msizi unatengeneza majani ya bei rahisi, unawahi jua, unayadondosha mapema. Msambu unatumia nguvu nyingi kwa jani moja ili lidumu. Kurefuka kunasubiri.

Na msambu hauoti kwa asili popote nje ya Tanzania. Umo kwenye orodha ya miti iliyo hatarini kutoweka. Mbegu zake, ambazo watu wa huko hukamua mafuta, zinaweza kukaa ardhini miezi mingi bila kuota. Msizi je? Ni mgeni pale. Uliletwa, ukapendwa kwa kuwa unakua upesi, hondohondo wakala matunda na kutawanya mbegu, leo umevamia msitu wenyewe. Nilisimama pale nikakumbuka yale makofi.

Niliporudi nilimtafuta yule dada, nikamwomba msamaha, nikamwambia kikao kijacho nitapendekeza tuanze upya na mpingo.

"Sawa," akasema. "Ila ile mliyoitupa ilikuwa na miaka miwili, mdogo wangu. Mkiotesha leo, itakapofika pale ilipokuwa wewe utakuwa umeshahitimu. Nani atakayeimwagilia?"

Kikao ni Alhamisi. Bado natafuta mtu wa mwaka wa kwanza.