Na Filimbi ya Kichina hadi Ngamiani

Kwa anayekwenda Tanga mara ya kwanza, njia ni ndefu kuliko alivyodhani: kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze, kisha kaskazini mpaka Segera, halafu mkono wa kulia kupitia Muheza kuifuata bahari, kilomita 350 hivi kwa jumla. Abiria wenzangu walibeba mabegi na ndoo. Mimi nilipakata filimbi ya mwanzi niliyoizungushia kanga isije ikapasuka. Nilikuwa nimeinunua Kariakoo kwa uzuri wake tu, ikiwa na nyuzi nyekundu zinazoning'inia mwishoni, na kila nilipoipuliza ilinijibu upepo mtupu. Shangazi yangu wa Ngamiani ndiye aliyeniita. Alisema kwenye simu kwamba jirani yake, mzee wa Kidigo, anapiga chivoti, filimbi ya kwao, na mwanzi ni mwanzi.

Kange, kwenye stendi, nilishuka saa za mchana nikapanda daladala ya mjini. Ngamiani ni mtaa usiompoteza mgeni, maana barabara zake zina namba. Ukijua unakwenda ya ngapi, unahesabu tu huku ukiwapisha watu wa baiskeli. Nyumba za huko zina mabaraza, na barazani ndiko nilikompata mzee baada ya Alasiri, kikombe cha kahawa mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndicho hicho chivoti chako cha Kichina?"

Akaigeuza, akaingiza macho ndani, akaipima kwa vidole. Chivoti cha Wadigo, wa upande huu wa Horohoro na wa Kwale ng'ambo ya mpaka, nacho hushikwa kwa ubavu, kina tundu la kupulizia na matundu sita ya vidole. Ya Kichina, inayoitwa dizi, ina sita hayohayo. Kilichomshangaza ni tundu la ziada, katikati ya la mdomo na la kwanza la kidole. "Hili la nani?" akauliza. Nikamweleza kwamba hapo hubandikwa utando mwembamba unaotolewa ndani ya tete, na ndio unaoipa filimbi hiyo mvumo wake. Wangu ulikuwa umechanika kabla sijafika Chalinze. Mzee akamtuma mjukuu dukani kuleta selotepu, akaliziba. Baadaye nilijua kwamba hata walimu wa Kichina huwafanyia hivyo wanafunzi wapya, kwa sababu tundu hilo likiwa wazi, filimbi haitoi kitu.

"Sasa acha vidole. Puliza."

Nikapuliza. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Wewe unapoza chai."

Somo lote la kwanza lilikuwa la midomo. Inabidi ivutwe kidogo pembeni, ibaki nafasi nyembamba katikati, na mdomo wa chini ulale kwenye ukingo wa tundu bila kulifunika lote. Pumzi haiingizwi ndani ya mwanzi. Inapigwa kwenye ukingo wa pili, ule wa mbali, igawanyike, nyingine izame na nyingine ipite nje. Ikigawanyika sawasawa, mwanzi unalia. Isipogawanyika, unapata kizunguzungu. Mimi nilikipata kwanza. Mzee alinikalisha, akaniambia mpigaji mpya huvuta hewa nyingi na kuimwaga yote kwa mara moja, wakati filimbi inataka kidogo tu, ila nyembamba na ya kasi. Sauti ilipotoka ilinishtua mwenyewe, na ilipotea nilipotabasamu, kwa kuwa midomo ilihama.

Vidole vilikuja kesho yake. Huzibi kwa ncha, unaziba kwa nyama ya kidole, na kidole kimoja kikiacha mwanya kama uzi, noti za chini zote zinakufa. Noti za juu hazihitaji vidole vipya: unakaza midomo, unaongeza kasi ya pumzi, noti ileile inaruka oktava nzima.

Kisha tukaurudia utando, maana nilikuwa na akiba kwenye pakiti. Jadi ya Wachina ni kuubandika kwa ejiao, gundi inayochemshwa kutokana na ngozi ya punda. Gundi hiyohiyo huliwa kwao kama dawa, na kwa ajili yake punda wa Afrika wamechinjwa na kuibwa kwa wingi hadi Umoja wa Afrika ukaamua, Februari 2024, kupiga marufuku biashara ya ngozi zao. Filimbi haina lawama kubwa hapo; inahitaji tone tu, dawa ndiyo inayowamaliza. Lakini wapigaji wengi hutumia kitunguu saumu: unakata punje, unasugua pembezoni mwa tundu, na maji yake yanashika. Shangazi alinipa punje moja kutoka jikoni. Utando usivutwe ukakazika, uwe na mikunjo midogo midogo inayokata upana wa filimbi. Unyevu wa pwani huulegeza, hivyo asubuhi ulivuma vizuri na jioni ulikuwa umelala.

Mzee hakuona ugeni katika mvumo ule. Alikumbuka ilimba, ala ya muziki ya Wagogo, aliyoipiga mwanamuziki Hukwe Zawose wa Bagamoyo, ambayo kibao chake kina tundu lililofunikwa utando wa buibui ili sauti ivume na kunguruma. Nikamchezea kwenye simu mabingwa wawili: Lu Chunling wa Shanghai, wa mtindo wa kusini, laini na wa pumzi ndefu, na Feng Zicun wa kaskazini, ambaye filimbi yake ni fupi, sauti kali, ulimi unadonoa. Mzee alimpenda wa kaskazini. Mimi namwona wa kusini ndiye wa kusikilizwa na mwanafunzi, kwa sababu anakuonyesha pumzi inavyotunzwa.

Kulikuwa na sharti moja nyumbani: baada ya Maghribi hakuna kupuliza. Shangazi anaamini mluzi wa usiku huita nyoka, na filimbi yangu kwake ilikuwa mluzi mrefu tu. Majirani walimuunga mkono kwa sababu zao.

Anayetaka kuanza atafute mpiga chivoti au mpiga filimbi yoyote ya ubavu aliye karibu naye kabla ya kutafuta video. Midomo hurekebishwa na mtu anayekutazama. Filimbi achukue ya herufi D au C, herufi imechongwa kwenye mwanzi wenyewe. Kama vidole ni vifupi, ya G matundu yake yamekaribiana. Kitunguu saumu kipo kila soko. Tando ndizo za kuagiza Uchina, na zikichelewa, selotepu inatosha kwa miezi ya mwanzo.