Kegel Si ya Chumbani Tu, Mfundishe Mzee Wako

Andika neno kegel kwenye TikTok uone. Utapata majamaa wa jim wakikuahidi kwamba ukifanya hayo mazoezi wiki mbili utakuwa simba kitandani, na huko kwa komenti ni vijana watupu. Mimi sina ubaya na simba. Shida yangu ni kwamba wanaume wanaoyahitaji kabisa hawako kwa hizo komenti. Wako nyumbani, wamekaa karibu na mlango wa choo, na hakuna mtu amewaeleza kitu.

Najua kwa sababu mmoja wao ni buda. Amenikubalia niandike, bora nisiweke jina wala picha.

Buda alitolewa tezi dume juu ya saratani. Hii si stori ya familia yetu pekee: kati ya saratani zinazowapata wanaume hapa Kenya, hiyo ndiyo inaongoza. Upasuaji ulienda poa. Mambo yalianza alipotolewa mpira wa mkojo. Akikohoa, matone. Akiinuka kwa kiti, matone. Akicheka, matone, kwa hivyo akaacha kucheka. Alikuwa amepewa karatasi ya Kiingereza yenye vipicha, akaikunja akaiweka ndani ya Biblia.

Sisi tunaishi Kitengela, lakini ng'ombe wa buda wako kwa ndugu yake upande wa Kajiado. Kila wiki alikuwa anapanda matatu hapo Namanga Road, anapita Isinya, anafika, anahesabu mifugo, anarudi na maziwa. Ukiwa na kibofu kinachosikia amri, hiyo ni safari ndogo. Ukiwa huna, kila tuta ni mtihani. Akaacha kwenda. Halafu akaacha kanisa. Halafu akaacha kunywa maji, akidhani hivyo hatavuja. Nyumbani tukawa tunaambia wageni, "Mzee amechoka." Mzee hakuwa amechoka. Alikuwa anaona haya.

Na hii haya haichagui cheo. Septemba 2023, Lloyd Austin, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, alikuwa hapa Nairobi akisaini mkataba na Aden Duale. Desemba hiyohiyo akapasuliwa kwa saratani ya tezi dume, na hakumwambia hata Rais Biden. Ilijulikana Januari 2024, baada ya kurudishwa hospitali na matatizo yaliyotokana na upasuaji huo. Kama mtu mwenye jeshi la Marekani alinyamaza, mzee wako atakuambia aje kwamba suruali imelowa?

Sasa tuelewane kinachotokea. Tezi dume inakaa chini ya kibofu na imezunguka njia ya mkojo. Chukulia ploti yenye masoja wawili getini. Wa kwanza yuko hapo kwa shingo ya kibofu na anafunga yenyewe bila wewe kufikiria. Tezi ikitolewa yote, huyo mara nyingi anaumia au anaenda nayo. Anabaki soja wa pili, chini kidogo, akisaidiwa na misuli iliyotandazwa chini ya nyonga. Miaka yote yeye alikuwa msaidizi. Sai geti lote ni lake, na hajazoea.

Kegel ni kumfunza huyo soja kazi. Jina lenyewe linatoka kwa Arnold Kegel, daktari wa wanawake Marekani, aliyechapisha kazi yake 1948 akisaidia wamama waliokuwa wanavuja mkojo baada ya kujifungua. Yaani ilianza na mkojo. Simba alikuja nyuma.

Kumweleza buda ndiyo ilikuwa kazi. Nilimwambia, "Baba, chukulia uko kwa matatu imejaa, unataka kujamba, na mama mchungaji amekaa hapo kando. Zuia." Akaniangalia sana.

"Hiyo ndiyo ulienda kusomea yunivasiti?"

"Na sikumaliza, baba."

Alicheka mpaka ikabidi aende kubadilisha. Lakini alikuwa ameupata msuli.

Hivi ndivyo inafanywa. Subiri mpira wa mkojo utolewe na daktari akubali. Lala chali, kunja magoti. Vuta ndani na juu, kama unazuia hewa na mkojo pamoja. Ukifanya sawa, uume unarudi ndani kidogo na korodani zinainuka. Tumbo, mapaja na makalio yatulie, na usizuie pumzi. Shikilia sekunde 3 hadi 5, kisha achilia kabisa kwa muda huohuo, kwa sababu kuachilia pia ni zoezi. Rudia mara 10, na ufanye hivyo mara 3 kwa siku. Ukizoea, fanya umekaa, halafu umesimama, ukiongeza polepole hadi sekunde 10. Muhimu zaidi, bana kabla ya kukohoa, kuinuka au kubeba mtungi. Usizoee kufanyia mazoezi katikati ya kukojoa, maana kibofu kinaweza kukosa kujimaliza. Maji akunywe kama kawaida. Chai na kahawa apunguze, kafeini inachokoza kibofu. Hapo kwa chai tulipigana wiki nzima.

Sitakudanganya kwamba ni uchawi. Wanaume wengi hupata nafuu ndani ya mwaka wa kwanza, muda ukifanya kazi yake. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2011 ulionyesha kwamba vipindi vya ana kwa ana na mtaalamu havikuleta tofauti kubwa baada ya mwaka, ukilinganisha na huduma ya kawaida. Mimi bado nasema ajaribu. Hailipishwi, na inamtoa kwenye kungoja tu. Mtaalamu wa fiziotherapia akimwangalia hata mara moja, atajua kama anabana msuli wenyewe ama anabana makalio. Na mwaka ukiisha na bado anavuja sana, kuna upasuaji wa kuweka mkanda au valvu bandia. Mkojo ukikataa kutoka kabisa, ama kukiwa na homa au damu nyingi, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Mathe alikuwa jikoni tukiongea haya. Akasema, "Mimi nilivuja mwaka mzima baada ya kukuzaa. Hakuna aliyeniuliza." Buda akanyamaza. Siku hizi wanafanya wote wawili wakati wa habari ya saa moja.

Buda bado anavaa daipa akisafiri, na anapenda kiti cha karibu na mlango. Lakini ameshaenda Kajiado mara mbili, na amerudi akilalamika kuhusu ndama, vile alikuwa akilalamika zamani.

Kwa hivyo kama mzee wako amepasuliwa na ghafla hapendi kutoka, usiseme amechoka. Ngojea mbaki wawili, umuulize, "Baba, mkojo unakusumbua?" Atakasirika kidogo. Kaa hapo tu. Na kama mdomo unakataa, mtumie hii.