Mtoto wa Korogwe na Chuo cha Mkwaju

Mtu aendaye Korogwe kwa njia ya Segera huweza kumsikia utingo akitaja Mtonga, naye akadhani ni jina tu la mahali pa kushukia abiria. Katika Kiswahili mtonga ni mti wa porini, wenye tunda la duara na ganda gumu kama ubao. Mtoto hulipasua juu ya jiwe, akafyonza nyama yake, kisha akazitema mbegu kama alivyoonywa na wakubwa wake. Visiwani nako watu hushuka Mkunazini, Mwembetanga na Mbuyuni bila ya kuinua macho kuutafuta mkunazi, mwembe wala mbuyu. Majina yamebaki kama vigingi vya chombo kilichokwisha kung'oa nanga.

Korogwe ya Kale iko kando ya mto ambao huku juu wenyeji huuita Ruvu, na ambao ukifika baharini huitwa Pangani. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba baadhi ya vijiji vya mto huu vilijengwa visiwani, katikati ya maji, ili wakaazi wake wajikinge na mashambulizi. Kwa hiyo msomaji wa kisiwani asione kwamba habari hizi ni za bara ya mbali. Mtoto wa huko naye alikuwa na maji yake pande zote, akajua mapema wapi pa kuvukia na wapi pa mamba.

Baadaye ikaja reli. Ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikapita Korogwe, ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge katika nchi hii, na kwa miaka michache bonde likageuka. Miti iliyokuwa imesimama kila mmoja kwa tabia yake, huu umeinama, ule umejipinda, ilifyekwa, na mahali pake pakapandwa mimea ya namna moja, yenye urefu mmoja, katika mistari iliyonyooka hadi macho yachoke. Mkonge ulitaka mikono, na mikono ikaletwa kutoka mbali. Wenye mikono hiyo waliitwa manamba, kwa kuwa katika daftari la shamba mtu alikuwa ni namba.

Haya yana uhusiano na chekechea. Kwao hao hao Wajerumani alizaliwa Friedrich Fröbel, mtu aliyekulia katika nchi ya misitu ya Thüringen na ambaye katika ujana wake alifunzwa kazi ya bwana miti. Mwaka 1837 alianzisha huko Blankenburg mahali pa kuwalea watoto wadogo kwa mchezo, na mwaka 1840 akapaita bustani ya watoto. Serikali ya Prussia iliiogopa bustani hiyo hata ikaipiga marufuku mwaka 1851, na marufuku hiyo ikadumu mpaka mwaka 1860. Bondeni Korogwe, Wajerumani waliacha alama kubwa ya shamba lao la mistari. Bustani ile haikuacha alama ya kiasi hicho.

Mistari ile ingalipo, nayo huonekana hata ndani ya madarasa ya watoto wa miaka minne na mitano. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na ile ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Ni jambo la heri. Lakini aghalabu heri hiyo humfikia mtoto kwa sura ya benchi, daftari na ubao, akaimba herufi kwa sauti moja na wenziwe arubaini, ilhali nje ya dirisha mkwaju umeinamisha matawi, hauna mwanafunzi.

Asilaumiwe mzazi upesi. Mtu ambaye babu yake alikuwa namba katika daftari la mkonge, akatia dole gumba badala ya sahihi, ana haki ya kutamani kumwona mwanawe akiandika jina lake mwenyewe. Kwake yeye daftari ni ukombozi. Akimpokea mtoto jioni ana matope magotini na utomvu kwenye shati, huuliza, na hana kosa kuuliza: "Je, ada niliyolipa ni ya kuchezea udongo?" Swali hili halijibiwi kwa kucheka.

Wengine hulijibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali hii husemwa sana na watu wa pwani, nao wangepaswa kuwa wa kwanza kuitazama vyema. Samaki anayekunjwa ni mbichi, naam, lakini amekwisha kutolewa majini. Hakunjwi ili aogelee, hukunjwa ili aenee chomboni. Methali husema kweli kuhusu ulaini wa mtoto, wala haikusema kwamba mtoto lazima kwanza atolewe katika maji yake.

Na maji yake ni mchezo. Mtazame mtoto anayecheza mdako chini ya mti. Amechimba kishimo, amekitia vijiwe. Anarusha kimoja juu na, kabla hakijashuka, anavikumba vilivyomo shimoni, anakidaka cha juu, kisha anavirudisha vyote ila kimoja. Zamu ya pili hubakisha viwili, ya tatu vitatu. Hapana aliyemwambia kwamba anajumlisha na kutoa, lakini mkono umekwisha kujua, na jicho limejifunza kukadiria muda wa jiwe kuwa hewani. Mtazame anayecheza kibe: amejibanza nyuma ya shina, ameizuia pumzi, anasikiliza nyayo juu ya majani makavu ili ajue ziko mbali au karibu. Watazame wanaopikapika: kifuu ni chungu, mchanga ni wali, na mmoja anamwita mwenziwe mama mkwe kwa adabu zote. Hapo pana hesabu, pana lugha, pana na heshima za ukoo.

Wala haya si mageni katika nchi ya Wazigua. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti juu ya misitu iliyolindwa kwa mila katika Pare Kaskazini na Handeni. Ni misitu ya makaburi, ya matambiko na ya kuwafunda vijana, ambamo mtu hakati mti atakavyo. Watoto wadogo hawakuingizwa ovyo humo, lakini walikua wakijua kwamba kuna miti isiyoguswa na kwamba elimu ya utu uzima itawangoja kivulini. Denmark ilipoanza kupeleka watoto wadogo msituni kwa malezi ya kila siku, katika miaka ya 1950, ulimwengu uliliona jambo jipya. Mzee wa Handeni angeliuliza tu kwa nini walichelewa.

Hata hivyo, msitu si mkeka. Mtoni mna mamba, vichakani mna nyoka, na upupu humwasha aliyeugusa hata akalia. Barabara kuu nayo ina mabasi yake. Mwalimu mwenye busara huanza kwa kuwahesabu watoto, huweka mpaka kwa miti inayoonekana, mkwaju huu mpaka mwembe ule, hawapeleki karibu na maji, na humwomba mama mmoja au bibi akae upande wa pili. Kisha huwaonyesha upupu wenyewe, kwa mbali, na kuutaja jina. Mtoto aliyefichwa hatari zote atakutana nazo siku ambayo hana mkubwa karibu.

Wapenda ushairi wana sababu yao ya kulijali jambo hili. Tashibihi hufanya kazi kwa aliyekiona kifananishwacho. Mshairi akisema moyo wake ni kama mkuyu kandokando ya mto, msomaji aliyewahi kukalia mzizi wa mkuyu hupokea ubaridi, kivuli na sauti ya maji; ambaye hakuwahi hupokea herufi tano. Unguja ina Jozani, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na Pemba ina Ngezi, lakini msitu unaotembelewa mara moja kwa mwaka, kwa basi, haufundishi kama mti mmoja ulio karibu na mlango.

Na yule mzazi wa Korogwe, jibu lake lipo chini ya mkwaju. Mbegu za ukwaju ni ngumu, nyeusi kwa wekundu, zinang'aa. Mtoto akipewa konzi moja ya mbegu hizo na mahali palipofagiliwa, huweza kuzipanga moja baada ya moja juu ya udongo hata zikawa herufi, na herufi zikawa jina. Mama akija kumchukua jioni, atalikuta pale chini limeandikwa. Atalisoma yeye, au atasomewa na mwanawe.