Macho hayapimi mwanga, yanalinganisha

Wasomaji, leo tuache habari za seva kidogo, tuzungumze juu ya macho.

Chukua karatasi nyeupe. Itazame nje saa sita mchana, kisha usiku chini ya balbu ya zamani ya waya. Utasema ni nyeupe mara zote mbili. Lakini mwanga unaokufikia si ule ule: wa balbu una wekundu mwingi na samawati kidogo mno. Kamera isiyorekebisha rangi itaionyesha ikiwa ya manjano. Wewe huoni hivyo. Kwa nini?

Edwin Land, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya Polaroid, alilichunguza jambo hili. Alipanga vipande vya karatasi za rangi nyingi ubaoni, akavimulika kwa projekta tatu: nyekundu, kijani na samawati. Akazirekebisha mpaka kipande cha kijani kikarudisha mwanga sawa na ule uliokuwa umetoka kwenye kipande cheupe. Watazamaji bado waliona kijani. Nadharia yake, aliyoipa jina Retinex mwaka 1964, inasema kwamba rangi tunayoiona hutokana na kulinganisha kitu na vilivyokizunguka.

Kwangu hili si jambo la vitabuni tu. Ninaandika programu ya simu inayotazama picha ya jani la mahindi na kukisia kama limekosa naitrojeni, kwani jani la namna hiyo hugeuka manjano. Mkulima akipewa jibu baya, atanunua mbolea asiyoihitaji kwa pesa za karo.

Njia rahisi ya kurekebisha rangi hudhani kwamba ukichanganya rangi zote za picha, wastani wake ni kijivu. Sasa fikiria picha iliyojaa jani moja! Programu itadhani mwanga wenyewe ndio wa kijani, itapunguza kijani, na jani lenye afya litapauka. Hakuna kitu kando yake cha kulinganisha.

Kwa hivyo nimeamua: bila karatasi nyeupe kando ya jani, programu yangu haitoi jibu. Marafiki wananiambia nitapoteza watumiaji, eti mtu akiwa shambani atatoa wapi karatasi? Ukurasa wa daftari la mtoto unatosha. Na asiye nao, afadhali simu imwambie "sijui" kuliko kumtuma dukani bure.

Wewe ungeamua vipi?