Kidonge kilichobuniwa jirani na kwangu

Wadau wa huko nyumbani! Mimi hapa Malvern, Toronto, nipo salama, kazi na baridi tu.

Kuna mtu wetu, jina kapuni, kaniuliza: "Kipimo kinasema virusi havionekani, sasa niendelee kumeza dawa za nini?" Namjibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Chukua TLD, kile kidonge kimoja cha kila siku kinachotolewa kliniki huko. Ndani yake mna dawa tatu, na ile L ni lamivudini. Hiyo ilibuniwa hapa Kanada, Montreal, mwendo kama wa Dar hadi Moshi kutoka kwangu. Mkemia Bernard Belleau na wenzake waliitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwenyewe alifariki 1989. Dawa ikaidhinishwa 1995.

Ujanja wao ni huu. Kirusi kikiingia kwenye seli hujinakili kama fundi anayepanga matofali. Wakamtengenezea fundi huyo tofali bandia, linafanana na la kweli ila halina pa kushikia tofali linalofuata. Akilipanga tu, ukuta umeishia hapo.

Lakini tofali hilo haliui virusi vilivyojificha ndani ya seli. Ukiacha dawa, vinaamka. Ukimeza leo ukaruka kesho, kirusi kinapata nafasi ya kujibadilisha, na badiliko moja tu latosha lamivudini isifue dafu.

Kwa hiyo ndugu yangu, kutoonekana huko kumeletwa na kidonge cha jana. Meza na cha leo.

Wasalaam.